Mashujaa wanalipa madeni; wenye mashujaa je?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nichangie mjadala uliozuka humu kuhusu filamu za makundi ya mashujaa wenye nguvu za ajabu. Mwandishi aliyeuanzisha alidai kwamba filamu hizo zinawafundisha vijana wetu uroho wa fedha, na wasomaji waliomjibu wakashikilia kwamba, kinyume chake, zinafundisha heshima na kutimiza ahadi. Mimi nimefanya kazi ya uhasibu katika chama cha akiba na mikopo kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, kwa hiyo nitalitazama suala hili kama nilivyozoea kutazama daftari: nani anamdai nani, na nani amelipa. Kwa kipimo hicho naona pande zote mbili zimeishia kwenye hadithi, ilhali deni lenyewe liko kwa waliouza hadithi.

Nianze na kisa kimoja kinachohusu madeni moja kwa moja. Mwishoni mwa mwaka 1962 kampuni ya Marvel ya New York ilitoa toleo la tisa la katuni za Fantastic Four, zilizoandikwa na Stan Lee na kuchorwa na Jack Kirby. Humo kundi la mashujaa wanne linafilisika. Kiongozi wao, Reed Richards, mwanasayansi ambaye hakuna hesabu inayomshinda, ametia fedha za kundi katika soko la hisa, bei zimeanguka, na wadai wamewazingira. Wanaanza kuuza vifaa vyao. Ndipo inapokuja telegramu kutoka Hollywood ikisema kuna studio iliyo tayari kuwalipa dola 1,000,000 wakikubali kucheza filamu, na kwa kuwa hawana nauli, mashujaa hawa wanasimama barabarani kuomba lifti. Wanapofika wanakuta mwenye studio ni Namor, mtawala wa baharini na adui yao wa zamani, aliyetajirika kwa hazina zilizozama. Wanakubali hivyo hivyo, maana mdaiwa hachagui sana.

Studio hiyo bila shaka ni mtego. Reed anapelekwa kwenye kisiwa cha Mediterania kupambana na jitu la jicho moja; mwenzake Johnny, ambaye nguvu yake ni kuwaka moto, anapelekwa Afrika, kwa kabila la kubuniwa ambalo haliungui moto (hapo msomaji wa kwetu ana haki ya kukunja uso, maana Afrika ya katuni za miaka ile ilikuwa mapori na mikuki tu); na Ben, mwingine wa wale wanne, anazipiga na Namor mwenyewe ufukweni. Wote wanaokoka. Lakini kilichonivutia mimi, mtu wa mikopo, ni hatima ya mkataba. Adui aliyeshindwa hila zake angeweza kuzama baharini asionekane tena, na hakuna dalali wa mahakama ambaye angemfuata huko. Hafanyi hivyo. Filamu inakamilika, fedha zinatoka, na wadai wanapata chao. Mtu aliyetaka kuwaua wenzake anaona aibu kuvunja neno lake, na hapo wasomaji waliotetea hadithi hizi wana haki kabisa: heshima imo.

Sasa tuuangalie mkono uliochora kisa hicho. Kirby alizaliwa mwaka 1917 katika mtaa wa wahamiaji maskini wa New York, na alikuwa ameshiriki kumbuni Captain America pamoja na Joe Simon kabla Marekani haijaingia katika Vita vya Pili vya Dunia. Katika miaka ya 1960, akishirikiana na Lee, alitoa Fantastic Four, Hulk, kundi la Avengers, kundi la X-Men, na mwaka 1966 akaja Black Panther. Alilipwa kwa ukurasa. Hakuwa na mrabaha, yaani fungu la mapato ya mauzo, wala hisa katika kampuni, na hata karatasi zenyewe alizozichora zilibaki kwa mchapishaji. Katika biashara ya katuni Marekani ilikuwepo pia desturi ambayo mhasibu yeyote ataielewa akiisikia mara moja: maneno ya kuachia haki zote yalipigwa muhuri nyuma ya hundi, mahali pale pale ambapo mchoraji alitakiwa kutia saini ili benki impe fedha zake. Mwenye kodi ya nyumba ya kulipa na watoto wa kulisha alisaini. Huo ndio uliokuwa mkataba.

Miaka ya 1980 Marvel ilipoanza kuwarudishia wachoraji karatasi zao za zamani, wengine walipewa fomu fupi ya kusaini, lakini Kirby alipewa ya peke yake, ndefu, iliyomtaka akane madai mengi zaidi. Alikataa. Mvutano ulikwenda hadi mwaka 1987, na alichopata mwishoni ni takriban kurasa 2,000, sehemu ndogo ya zile alizokuwa ameichorea kampuni hiyo. Alifariki mwaka 1994, kabla filamu kubwa hazijaanza.

Wala hili halikuanza na yeye. Mwezi Machi 1938, Jerry Siegel na Joe Shuster walipokea hundi ya dola 412 ambayo ndani yake dola 130 zilikuwa bei ya Superman, pamoja na haki zake zote. Aliyeiandika hakujali hata kuyapata majina yao sawasawa, ikabidi wasaini nyuma mara mbili, kwa majina yaliyokosewa na kwa majina yao ya kweli. Hundi hiyo iliuzwa mnadani mwaka 2012 kwa dola 160,000. Karatasi iliyowanyang'anya shujaa wao ilifikia thamani ya zaidi ya mara elfu moja ya kile walicholipwa kwa ajili yake, na mnada huo ulifanyika wao wote wawili wakiwa marehemu.

Uroho, basi, haukosekani katika hadithi hii, ila haukukaa kwa wahusika wa katuni. Mwaka 1989 tajiri Ronald Perelman aliinunua Marvel kwa dola 82,500,000. Bei za katuni zilikuwa zikipanda kwa sababu watu walizinunua kama akiba ya baadaye, wengine wakiweka nakala tano tano za toleo moja bila hata kuzifungua. Kampuni za Perelman zilikopa mamia ya mamilioni ya dola kwa kuuza hati za deni zilizodhaminiwa na hisa za Marvel. Soko la wakusanyaji lilipoporomoka kuanzia mwaka 1993, mikopo ilibaki pale pale, na mwezi Desemba 1996 Marvel iliomba ulinzi wa mahakama kama kampuni iliyofilisika. Tajiri mwingine, Carl Icahn, akajitokeza akiwa mmoja wa wadai, na wawili hao wakagombania mzoga. Kukopa harusi, kulipa matanga. Ila katika matanga haya walioumia zaidi ni wafanyakazi waliopunguzwa, na si walioalikwa harusini.

Kilichofuata ndicho ambacho ningependa vijana wanaozijaza kumbi za sinema wakijue. Mwaka 2005 Marvel iliingia makubaliano na benki ya Merrill Lynch ya mkopo wa hadi dola 525,000,000 ili itengeneze filamu zake yenyewe, na dhamana iliyowekwa ilikuwa haki za filamu za mashujaa kumi. Kampuni haikuweka rehani jengo wala mitambo. Waliowekwa rehani ni Captain America, Avengers, Doctor Strange, Black Panther na wenzao. Filamu zingeshindwa, benki ingewachukua, kama tunavyochukua shamba au pikipiki ya mwanachama aliyeshindwa marejesho. Kwa upande wa biashara nakiri kwamba ulikuwa mpango wa ujasiri, na ulifanikiwa: mwaka 2009 Disney iliinunua Marvel kwa takriban dola bilioni 4, na mwaka 2012 filamu ya kwanza ya Avengers ilikusanya zaidi ya dola bilioni 1.5 duniani. Lakini swali la kwanza ninalomuuliza mkopaji yeyote anapoleta dhamana ni hili: mali hii ni yako, na uliipataje?

Swali hilo hilo familia ya Kirby ililipeleka kwa njia ya sheria mwaka 2009, ilipotoa notisi za kudai kurudishiwa hakimiliki za kazi zake za mwaka 1958 hadi 1963. Mwaka 2011 mahakama ya New York ilisema kwamba Kirby alifanya kazi hizo kwa agizo na kwa gharama ya kampuni, hivyo hakuwa na haki ya kurudishiwa, na mahakama ya rufaa ikakubaliana na uamuzi huo mwaka 2013. Familia ikaenda kubisha hodi katika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwezi Septemba 2014, kabla mahakama hiyo haijaamua kama italisikiliza shauri, pande hizo mbili zikatangaza kwamba zimepatana. Kiasi hakikutajwa.

Najua nitajibiwa kwamba mkataba ni mkataba, kwamba mchoraji alilipwa kila ukurasa aliochora, na kwamba hasara ya matoleo yaliyododa ilibebwa na mchapishaji peke yake. Hoja hiyo siidharau. Nimeitumia mwenyewe mara nyingi mbele ya wanachama waliotaka kubadilisha masharti baada ya kusaini. Hata hivyo sheria inaeleza kiwango cha chini tu ambacho mtu anaweza kulazimishwa. Siegel na Shuster walikuwa wameshindwa mahakamani, na bado mwaka 1975, Siegel akiwa karani na Shuster akiwa karibu kupofuka, wachoraji wenzao, Neal Adams na Jerry Robinson, walipaza sauti hadi kampuni ya Warner, iliyokuwa mmiliki wa Superman wakati huo, ikakubali kuwapa dola 20,000 kila mmoja kwa mwaka na kurudisha majina yao juu ya Superman. Hakuna hakimu aliyeiagiza Warner. Ililipa kwa sababu filamu kubwa ya Superman ilikuwa njiani na aibu ilikuwa nzito. Sisemi kwamba aibu ni sawa na heshima, lakini mdai hukubali fedha bila kuuliza sana zimetoka kwenye moyo gani.

Suala hili linatugusa na sisi. Mwaka 2018 filamu ya Black Panther, ambamo Mkenya Lupita Nyong'o aliigiza, iliadhimishwa hadi Kisumu, na magazeti ya Kiswahili yaliandika mengi kuhusu mavazi, lugha na fahari ya Mwafrika. Nilisoma mengi niliyoweza kuyapata. Jina la Kirby sikulikuta, wala habari kwamba shujaa huyo aliwahi kuwekwa rehani benki.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Kila gazeti hili linapochapisha habari za filamu ya aina hiyo, liwataje waliobuni wahusika kama linavyowataja waigizaji na mapato. La pili nalielekeza kwako moja kwa moja, Ndugu Mhariri, na ningeshukuru kulisoma jibu lake katika ukurasa huu: wachoraji wa katuni mnazotuletea kila wiki wanabaki na haki gani baada ya kulipwa, na ikiwa kesho mtu atataka kumtia mmoja wa wahusika wao kwenye fulana, tangazo la simu au filamu, mkataba wenu unasema fedha hizo zinakwenda kwa nani?

Wako,
Mhasibu mstaafu,
Tanga