Hesabu sahani kwanza

Mpendwa rafiki,

Salamu nyingi. Umeuliza ununue nini endapo tutafungiwa ndani tena. Kabla ya kushika kikapu, hesabu sahani. Watu wanne wakila mara tatu kwa siku, wiki mbili ni sahani 168. Siku za kawaida nyingi huliwa kazini na shuleni. Karantini huzirudisha zote jikoni kwako, na kwa jirani pia, ndiyo maana rafu hubaki tupu hata kabla ya walanguzi kuingia. Mwaka 2020, katika nchi kadhaa, unga uliadimika madukani ilhali viwanda vilikuwa nao tele. Unga huo ulizoea kwenda kwa waokaji kwa magunia, na mitambo ya kujaza pakiti ndogo ikazidiwa.

Mchele, kadiria gramu 75 kwa mtu mzima kwa mlo. Nyinyi wanne, mara moja kwa siku, kilo 4.2 zinawatosha wiki mbili. Ukibeba gunia la kilo 25 unafuga fukusi, maana mara nyingi mayai yao huwa yamo ndani ya punje tangu dukani. Ukilazimika kuweka mwingi, ugandishe kwenye friza siku nne, kisha uuache urudi kwenye joto la kawaida ukiwa bado umefungwa, usije ukapata unyevu na kuvunda.

Maharagwe usinunue ya zamani: hayalainiki hata uchochee moto mchana kutwa. Mekundu yaloweke saa tano au zaidi, mwaga maji hayo, kisha yachemke kwa nguvu dakika 10 kabla ya kupunguza moto. Moto mdogo pekee hauondoi sumu yake.

Mboga za majani ziliwe siku za mwanzo, kabichi na karoti zisubiri wiki ya pili. Zioshe kwa maji matupu. Sabuni huingia ndani na kuvuruga tumbo.

Mharibifu mkubwa wa hesabu ni kudokoa. Mtu akikaa nyumbani hupita jikoni bila njaa, basi vitafunio vipangie saa yake.

Na kiporo cha wali kisilale sufuriani. Kitandaze kipoe, kiingie kwenye friji ndani ya saa moja, kiliwe kesho yake. Vijidudu vyake huhimili kuchemshwa, na sumu vinayoitoa haiondoki kwa kupasha moto.

Wasalaamu,
Rafiki yako