Gari limefeli kipimo cha moshi? Usikimbilie kununua masega

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wenye magari ya petroli yaliyofeli kipimo cha moshi. Wengi wakishapewa karatasi ya majibu huikunja, wakaitia mfukoni, wakaenda gereji na neno moja: "Limefeli." Fundi mjanja hahitaji zaidi ya hapo. Atasema masega yamekufa, yaani kile kifaa cha kwenye ekzosi kinachosafisha moshi (catalytic converter), na masega ndiyo spea ghali kuliko zote kwenye njia ya ekzosi.

Karatasi ile ndiyo inayosema pa kuanzia. CO, yaani kaboni monoksaidi, ikiwa juu, injini inapewa mafuta yaliyozidi kwa hewa iliyopo. Shuku kwanza chujio la hewa lililoziba, nozeli inayovuja, sensa ya oksijeni iliyochoka, au sensa ya joto la maji inayoidanganya kompyuta ya gari kwamba injini bado ya baridi. HC, yaani hidrokaboni, ikiwa juu, kuna petroli inayotoka bila kuungua; mara nyingi gari linamisi, yaani silinda fulani haiunguzi mafuta yake sawasawa. Hapo ni plagi, koili, kisha kupima kompresheni silinda moja baada ya nyingine. Lamda nayo inaonyesha uwiano: 1 ni karibu kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Ikishuka chini ya 1 mafuta yamezidi, ikipanda juu yake hewa imezidi.

Kuna kosa dogo linalogharimu watu pesa nyingi, nalo ni tundu au gasketi iliyopasuka kabla ya sensa ya oksijeni. Moshi hutoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo hewa ya nje hunyonywa pale penye upenyo. Sensa inaona oksijeni, inaripoti kwamba mafuta ni machache, kompyuta inaongeza, na CO inapanda ingawa kila spea ni nzima. Kulipata si kazi ngumu. Gari likiwa mahali pa wazi na injini ikiwa ya baridi, mmoja awashe, mwingine azibe mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache. Penye upenyo utasikia "tsi, tsi, tsi", na mara nyingi utakuta alama nyeusi ya masizi imejichora kwenye ungio.

Masega yenyewe kwa kawaida huuawa na ugonjwa mwingine. Injini ikimisi, petroli mbichi huenda kuungulia humo, joto linapanda, na vitundu vyake vinayeyuka na kuziba. Ukifunga mapya bila kuondoa misi, nayo yatakwenda njia ileile. Fundi anayejua kazi atayapima kwanza. Kwenye magari yenye sensa za kawaida za oksijeni, ile ya mbele huruka kati ya volti 0.1 na 0.9, na ya nyuma ya masega inapaswa kutulia karibu na 0.6 au 0.7. Ya nyuma ikiiga ya mbele, hapo masega yamechoka kweli. Kodi P0420, yaani namba ya hitilafu ambayo kompyuta hutoa ikiona masega hayafanyi kazi vizuri, peke yake haitoshi kuwa hukumu, maana hata ekzosi inayovuja huileta. (Baadhi ya magari mapya yana sensa ya mbele ya aina nyingine isiyoruka hivyo, fundi asiyejua tofauti hiyo atabadilisha sensa isiyo na kosa.)

Basi fundi utamjuaje? Ataomba karatasi kabla ya kufungua boneti. Atauliza kama injini ilikuwa ya moto wakati wa kipimo, kwa sababu masega hayaanzi kazi sawasawa hadi yafike karibu nyuzi 300 za Selsiasi, na gari lililosimama foleni muda mrefu huweza kufeli kwa hilo tu. Atakurudishia spea za zamani bila kuombwa. Anayeanza kwa kufuta kodi mkimbie: taa ya injini kwenye dashibodi itazimika, lakini kumbukumbu za majaribio ya kompyuta nazo zinafutika, na penye kipimo kinachosoma kompyuta gari litakataliwa hadi liendeshwe siku kadhaa, mwendo wa pole na wa kasi. Anayetaka kukata masega aweke bomba tupu, jiulize masega yanakwenda wapi. Ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu, na wanunuzi wapo. Piga picha uvungu wa gari kabla ya kuliacha.

Ya dizeli nitayasema kwa ufupi. Moshi mweusi ni chujio la hewa, mipira ya turbo iliyochanika, au nozeli. Wa bluu ni oili inayoungua, na hapo jiandae kwa kazi kubwa zaidi.

Kabla ya kurudi kupimwa, badilisha oili kama muda wake umepita, kwani petroli iliyochanganyika nayo huvukizwa ikarudi kwenye injini na kupandisha HC. Endesha dakika 20 au zaidi, na usizime injini ukiwa foleni. Na kama gereji haina mashine ya kupima gesi, muulize fundi mapema atajuaje kwamba amemaliza.

Wako,
Fundi wa injini