Lori likichemsha, msikimbilie kung'oa thamostati

Mhariri,

Lori kuukuu likichemsha pale mlima Kitonga, kitu cha kwanza kung'olewa ni thamostati, vali ndogo inayofunguka kwa joto la maji ya injini. Inatupwa, hozi inafungwa, na safari inaendelea hadi mlima unaofuata. Tabia hii inaua silinda hedi, yaani kichwa cha injini, na inaumiza zaidi kwa kuwa mwenye gari huilipia akidhani ametengenezewa.

Kwenye injini nyingi za dizeli thamostati ina kazi mbili. Injini ikiwa baridi, hufunga njia ya maji ya kwenda kwenye rejeta, ambako hupozwa. Ikipata moto, huifungua njia hiyo na papo hapo huziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye pampu. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani ya injini bila kuiona rejeta. Tambarare hutagundua, maana huko injini inapoa kupita kiasi, inakula dizeli na kusaga silivu, yaani kuta za silinda ambamo pistoni hutembea, taratibu. Mlimani ndipo utakapoumbuka.

Ipimeni kwanza. Ining'inizeni kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, isiguse chini, pamoja na kipimajoto, kisha pasheni. Joto la kuanza kufunguka limegongwa kwenye bati lake, mara nyingi kati ya nyuzi 76 na 82. Kabla maji hayajachemka inatakiwa iwe imefunguka kabisa, kiasi cha milimita 8 hivi. Ikigoma, nunueni mpya ya namba ileile.

Mara nyingi mkosaji ni kifuniko cha rejeta, nacho ni cha bei ndogo kuliko vyote. Kifuniko cha 0.9 hushikilia presha ya bar 0.9, na kwa presha hiyo, usawa wa bahari, maji huchemka karibu nyuzi 118 badala ya 100. Springi ikilegea au mpira ukipasuka, kinga hiyo imekwisha. Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya bahari, maji yasiyo na presha huchemka karibu nyuzi 94, kwa hiyo hata injini isiyo na ugonjwa wowote inaweza kuyamwaga.

Kisha tazameni hewa. Vumbi na nyasi hujibana kati ya intakula (kipoza hewa inayoingia kwenye injini) na rejeta, mahali ambapo jicho halifiki. Osheni kwa maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini. Kava la kuzunguka feni lisikosekane. Feni ya kilachi, ile inayojishika yenyewe joto likipanda, ikizungushwa kwa mkono, injini ikiwa imezimwa, iwe na uzito kidogo. Ikizunguka kama pia, imekufa. Mkanda ukibonyezwa kwa kidole gumba ushuke milimita 10 hadi 15. Hozi ya chini ikinywea dereva anapokanyaga mafuta, rejeta imeziba ndani au springi ya hozi haimo.

Gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini, hupimwa asubuhi, injini ikiwa baridi. Jazeni maji, acheni kifuniko wazi, washeni. Mapovu yakitoka mfululizo bila kukoma, gasketi inavujisha, na hata mkibadilisha rejeta mtapoteza fedha.

Maji ya kisima matupu nayo yaacheni. Huleta kutu na magamba, na silivu zinazogusa maji hutobokatoboka kwa nje mpaka maji yaingie kwenye oili. Tumieni kulanti, kimiminika maalumu cha kupoza injini, na maji safi, nusu kwa nusu. Dawa za kuziba matundu huziba pia mirija mizima ya rejeta.

Likichemka njiani, simamisheni na acheni injini ingurume taratibu kama maji bado yamo. Kama yamekwisha, zimeni mara moja. Msifungue kifuniko kabla ya nusu saa, na msimimine maji baridi kwenye injini ya moto, kwani hedi hupasuka.

Kwa anayenunua lori la mtumba: fika mapema, injini haijawashwa, ufungue kifuniko uone rangi ya maji. Kisha liendeshe dakika 20. Geji ya joto ikibaki chini kabisa, huenda thamostati haimo, na muuzaji akueleze ilitolewa kwa sababu gani.

Mafundi wa magari makubwa,
Iringa