Risala ya Chama cha Wanafunzi wa Sheria kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kufungua Mashindano ya Mahakama ya Mfano

Mheshimiwa Jaji, Mgeni Rasmi wa hafla hii,
Mkuu wa Kitivo cha Sheria,
Wahadhiri wetu,
Wazazi na walezi mliofika,
Wanafunzi wenzetu, hasa ninyi wa mwaka wa kwanza,

Kwa heshima kubwa tunakukaribisha, Mheshimiwa, na tunakushukuru kwa kuyaacha mashauri yanayokungoja ukaja kukaa nasi. Chama chetu kimeona risala hii isiwe ya shukrani na maombi tu. Tunaomba kwanza tueleze jinsi shahada ya kwanza ya sheria inavyosomwa, mahali wanafunzi wanapokwama na kwa nini, ili maombi tutakayoyaleta mwishoni uyaone yametoka wapi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wengi huingia kitivoni wakiamini kwamba mwanasheria ni mtu aliyekariri vifungu. Imani hiyo huwaangusha wanafunzi wenye bidii, kwa sababu bidii yote huelekezwa pasipostahili. Vifungu hurekebishwa, hufutwa na kutungwa upya, na aliyevikariri hubaki na maneno yaliyokwisha kufa. Kinachofundishwa hasa ni kusoma hukumu, kusoma sheria iliyotungwa, kuoanisha vyote viwili na ukweli wa tukio, kisha kuandika kwa namna ambayo msomaji anaiona kila hatua ya hoja.

Katika nchi zinazofuata mfumo wa sheria uliotokea Uingereza, shahada hii mara nyingi huchukua miaka 3 au 4. Mwaka wa kwanza kwa kawaida hubeba mbinu za kisheria, katiba, jinai, mikataba na sheria ya madhara, yaani ya haki ya aliyedhuriwa na mwenzake kudai fidia hata pasipo mkataba. Ushahidi, ardhi, kampuni, mwenendo wa mashauri na falsafa ya sheria huja baadaye. Mpangilio huo una sababu yake: huwezi kujua ni ushahidi gani unaohitajika kuthibitisha wizi kama hujajua wizi umeundwa na vipengele gani. Vilevile anayeliacha somo la mikataba nusunusu atalikuta tena kwenye ajira, bima, kampuni na uuzaji wa ardhi, na huko hakuna mhadhiri atakayerudi nyuma kumfundisha. Nchi za mfumo wa kanuni zilizoandikwa, mfano Ufaransa na Kanuni yake ya Madai ya 1804, huanzia kwenye vifungu vya kanuni yenyewe, na hukumu huja kuvifafanua. Tunayoyaeleza leo ni ya mfumo wa kwanza. Tena wazazi wetu wajue mapema kwamba katika nchi nyingi shahada peke yake haimfanyi mtu kuwa wakili. Baada yake kuna mafunzo ya vitendo na mitihani ya kuingia uwakili.

Tuingie kwenye kusoma hukumu, maana hapo ndipo penye kazi kubwa.

Mwanafunzi anapofungua kesi aanze kwa kuangalia mahakama iliyoamua, mwaka, na idadi ya majaji. Hayo matatu ndiyo yanayoonyesha kama uamuzi huo unaifunga mahakama anayoiandikia au unaishawishi tu. Kisha asome ukweli wa tukio, safari ya shauri tangu mahakama ya chini, suala lililobishaniwa, sababu za uamuzi na amri iliyotolewa. Muhtasari wake usizidi ukurasa mmoja. Ukizidi, ujue amenakili badala ya kuelewa. Muhtasari uliochapishwa juu ya hukumu usitumike kama hukumu: kwa kawaida umeandikwa na mhariri wa juzuu, yaani kitabu kinachokusanya hukumu, si jaji, na wakati mwingine huacha jambo ambalo ndilo lililoamua kesi.

Chukua kesi ya Donoghue dhidi ya Stevenson ya mwaka 1932, ambayo karibu kila mwanafunzi wa sheria ya madhara huanza nayo. Rafiki yake Bi Donoghue alimnunulia soda ya tangawizi katika mkahawa mmoja mjini Paisley, Scotland. Chupa ilikuwa ya rangi nzito isiyoonyesha ndani, na ilidaiwa kwamba mabaki ya konokono aliyeoza yalitoka humo, naye akaugua. Hakuwa na mkataba na mtengenezaji, Stevenson. Je, mtengenezaji alikuwa na wajibu wa kumlinda mlaji asiyemjua? Baraza la Malodi, wakati huo mahakama ya mwisho ya rufaa huko, lilikubali kwamba wajibu huo unaweza kuwepo, kwa kura 3 dhidi ya 2.

Kesi hii moja inafichua makosa matatu. La kwanza ni kwamba hotuba, yaani maoni ya jaji, inayotangulia katika juzuu ni ya Lodi Buckmaster, naye alikuwa upande wa wachache. Anayesoma kurasa za mwanzo na kufunga kitabu huondoka na maoni yaliyoshindwa, akayaandika kwenye mtihani kama sheria. La pili, wapo wanaoandika kwamba mahakama ilithibitisha konokono alikuwamo chupani. Haikuthibitisha. Shauri lilifika juu kwa hoja ya kisheria tu, kwamba kama madai yangekuwa kweli, je, sheria ingetoa nafuu? Ushahidi wa konokono haukuwahi kusikilizwa, na baadaye pande hizo zilimalizana nje ya mahakama. La tatu ni la upana wa kanuni. Lodi Atkin, mmoja wa majaji watatu walioshinda, alisema maneno mapana kuhusu jirani ambaye mtu anapaswa kumfikiria kabla ya kutenda. Lakini uamuzi wenyewe ulihusu mtengenezaji anayepeleka bidhaa kwa mlaji pasipo nafasi ya maana ya mtu kuikagua njiani. Kutenganisha ratio, yaani sababu iliyolazimu uamuzi, na obiter, yaani maneno ya kando, ndiyo stadi ngumu kuliko zote za mwaka wa kwanza. Haiingii kichwani kwa kusikia mhadhara. Inaingia kwa kusoma hukumu nzima, kuandika ratio kwa sentensi mbili, kisha kujiuliza: ningeuondoa ukweli huu, uamuzi ungebaki vilevile?

Kosa jingine la kila siku ni kuchukua hoja za wakili kama maneno ya mahakama. Hukumu nyingi hueleza kwanza pande zote mbili zilivyodai. Jaji anapoandika kwamba wakili msomi wa mrufani aliwasilisha hoja fulani, hajaikubali bado. Mwanafunzi mwenye haraka hunukuu aya hiyo, na msahihishaji huiona mara moja.

Kusoma sheria iliyotungwa kuna nidhamu yake. Anza na kifungu cha tafsiri ya maneno, maana neno la kawaida kama “mtoto” au “nyumba” linaweza kupewa maana yake maalumu ndani ya sheria hiyo. Angalia kama vipengele vimeunganishwa kwa “na” au kwa “au”: palipo na “na” vyote lazima vithibitishwe, palipo na “au” kimoja kinatosha. Tazama kama kifungu kinaamuru au kinaruhusu. Soma masharti ya kifungu hadi nukta ya mwisho, kwa sababu hali zinazotolewa nje ya kanuni mara nyingi huwekwa hapo. Hakikisha sheria imeanza kutumika na nakala uliyoshika ina marekebisho yote. Jibu zuri lililojengwa juu ya kifungu kilichofutwa halina thamani, na mteja wa kweli angepoteza haki yake kwa sababu hiyo.

Mheshimiwa, sasa mtihani. Maswali ya sheria huwa ya namna mbili: insha, na tukio la kubuni linalomtaka mwanafunzi amshauri mmoja wa wahusika. La tukio ndilo huwaumiza wengi. Tuseme swali linasema: Juma alichukua begi maktabani akidhani ni lake, alipofika chumbani akagundua ni la mwenzake, akaamua kubaki nalo. Jibu dhaifu huanza na ukurasa mzima wa maana ya wizi, historia yake na aina zake, halafu mstari mmoja kwamba Juma ana hatia. Jibu imara hutaja suala, hutoa kanuni pamoja na chanzo chake, huipeleka kanuni hiyo kwenye ukweli wa tukio, ndipo linahitimisha. Hapa suala linagawanyika katika nyakati mbili. Alipochukua hakuwa na nia ovu, kwa hiyo kipengele cha nia hakipo. Alipoamua kubaki nalo nia ilikuwepo, lakini je, kulikuwa na kitendo? Sheria za nchi zinatofautiana. Kwa mfano, Sheria ya Wizi ya Uingereza ya 1968, kifungu cha 3, inatambua kwamba aliyepata mali bila kuiiba, akaja baadaye kujifanya mwenye mali kwa kubaki nayo, amejitwalia mali hiyo. Mwanafunzi aliyeziona nyakati hizo mbili amepata sehemu kubwa ya alama hata kama hitimisho lake linapingika. Aliyesema tu kwamba Juma ni mwizi hajafanya kazi ya mwanasheria.

Kuhusu muda, mtihani wa saa 3 wenye maswali 4 unatoa dakika 45 kwa swali. Dakika 10 za kusoma na kupanga, 30 za kuandika na 5 za kupitia. Wanaofeli mara nyingi wametumia saa nzima kwenye swali wanalolipenda, na la mwisho likabaki na mistari sita.

Kwenye utafiti, wizi wa maandishi bado unatusumbua, na sababu kubwa ni namna ya kuchukua dondoo. Mwanafunzi hunakili aya kwenye daftari bila alama za nukuu wala namba ya ukurasa. Wiki tatu baadaye hakumbuki kipi chake na kipi cha mwandishi. Andika chanzo kabla ya kuandika nukuu. Sasa zimekuja programu za kompyuta zinazotunga majibu, nazo hutaja kesi zisizokuwepo kwa majina ya kuaminika kabisa. Mwaka 2023 mahakama ya shirikisho huko New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha hukumu za namna hiyo. Chama chetu kina msimamo mmoja katika hili: kesi ambayo hujaifungua na kuisoma mwenyewe usiitaje.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, haya yote hukutana katika mahakama ya mfano, yaani zoezi ambalo wanafunzi hubishana rufaa mbele ya majaji kama mawakili. Kila timu itakuwa na wasemaji wawili, na kila rufaa itabishaniwa kwa hoja zilizowasilishwa mapema kwa maandishi. Makosa tunayotarajia kuyaona tunayajua. Msemaji husoma karatasi neno kwa neno, jaji akiuliza swali anapoteza mstari na hawezi kurudi. Mwingine anaulizwa ukweli wa kesi aliyoitaja na hana jibu, kwa sababu aliipata kwenye kitabu cha muhtasari. Wengine hujibu swali gumu kwa kuahidi kwamba watalifikia baadaye. Jaji ameuliza sasa kwa sababu shaka yake iko hapo. Jibu kwanza, kisha rudi kwenye hoja. Na msemaji aseme “ninawasilisha”, asiseme “ninaamini”, kwani mahakama haipimi imani ya wakili.

Kwa kliniki ya msaada wa kisheria tutasema machache. Mwanafunzi hupokea maelezo, hupanga nyaraka na kuandaa rasimu chini ya wakili msimamizi. Siri ya mteja inamfunga tangu dakika ya kwanza. Jambo la kwanza la kuuliza ni tarehe, kwa sababu madai mengi halali hufa kwa kupitwa na muda kabla mtu hajajua kwamba ana haki.

Baada ya maelezo hayo, Mheshimiwa, tunayo maombi manne.

Tunaomba utusaidie kupata majaji na mawakili wa kukaa kwenye raundi za mashindano haya, watakaobaki dakika 15 baada ya kila raundi kumweleza kila msemaji alipokosea. Kombe tunalipenda, lakini maelezo hayo ndiyo tunayoyahitaji zaidi.

Tunaomba pia wanafunzi waruhusiwe kufuatilia mashauri ya wazi kwa makundi madogo, na waelezwe siku moja kabla suala linalobishaniwa ni lipi. Anayeingia mahakamani bila kujua suala huona watu wakisimama na kukaa, basi.

La tatu ni majalada ya mashauri yaliyokwisha, majina ya wahusika yakiwa yameondolewa. Hukumu iliyochapishwa huonyesha mwisho wa safari. Hati ya madai, utetezi, viapo na mwenendo huonyesha jinsi shauri lilivyojengwa, na mahali lilipoharibika.

La mwisho tunalielekeza kwako na kwa Mkuu wa Kitivo kwa pamoja. Tunaomba mazoezi matatu mafupi ya kuandika kila muhula, yasahihishwe kwa maoni ya maandishi, hata kama alama zake zitakuwa kidogo. Tunajua mzigo wa wahadhiri wetu ni mkubwa na madarasa yamejaa. Hata hivyo mwanafunzi anayeandika mara moja tu kwa muhula, ndani ya chumba cha mtihani, hugundua kosa lake wakati hawezi tena kulirekebisha. Chama kiko tayari kupanga wanafunzi wa mwaka wa mwisho wasaidie usomaji wa awali chini ya usimamizi wa wahadhiri.

Majalada ya rufaa ya raundi ya kwanza yako mezani mbele yako, Mheshimiwa, na timu zote nne ziko tayari kusikilizwa mara utakapofungua mashindano rasmi.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu,
kwa niaba ya wanachama wote.