Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama wa chama chetu cha mawe, Makunduchi

Assalam aleykum ndugu wanachama,

Hesabu za pesa atazisoma mshika fedha, mimi nizungumze mawe maana ndo yaliyotukusanya. Mwaka huu hatujenda mbali, tumezunguka humu humu kwetu maweni, ardhi yetu hii ya mawe ya matumbawe, na nimefurahi kweli, kwa sababu haya mawe tumekulia juu yake, tumejikwaa nayo tukienda skuli, na mtu akituuliza mawe gani haya tunamjibu aa, maweni tu.

Mnakumbuka siku ile baada ya masika, yule mama alotuletea jiwe la shambani kwake, jeusi, la kawaida kabisa, tukalipasua kwa nyundo na ndani jeupe kama nazi, limejaa vinyota vidogo vidogo vimebanana, na kila kinyota kilikuwa nyumba ya kidudu kimoja cha tumbawe. Kwenye vitobo umeingia udongo mwekundu wa kinongo, wekundu ule ni chuma kilichoshika kutu, na pembeni fuwele zinameta ukiligeuza juani. Ule weusi wa nje ni vijimea tu vimeota juu ya jiwe. Mama alilishika mpaka tunarudi. Shamba lake lilikuwa chini ya bahari jamani! Kiasi cha miaka 125,000 nyuma bahari ilikuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa, na miamba mingi ya pwani kama hii yetu imeota zama kama hizo.

Watoto wao walipenda ndimu. Unalikwaruza jiwe upate unga, unakamulia, linatoa povu, kwa sababu ni chokaa ile ile wazee walokuwa wakichoma kwa magogo wajengee nyumba.

Kizimkazi Dimbani pia tulienda, msikitini, kuangalia maandishi ya mwaka 500 hijria, yaani 1107, yamechongwa kwenye tumbawe. Tumbawe likitoka baharini bado bichi ni laini, linachongeka, likikauka linakuwa gumu, ndo maana herufi zile zipo mpaka leo. Nilisimama pale muda mrefu sana.

Wenzetu walotoka Pemba walituletea udongo wa vilima vyao, kule katikati ni udongo na mchanga, mawe kama yetu wanayapata zaidi pembezoni.

Jambo lililoniuma ni boksi letu la mawe, tuliliweka mahala tukiamini liko salama, na fundi akayatia mawe yake kwenye msingi wa nyumba. Hakuna alomwambia, na sisi hatukuandika hata karatasi juu yake. Lile la vinyota lilikuwa humo. Naomba kuanzia sasa kila jiwe liandikwe limetoka wapi na siku gani, na liwekwe nyumbani kwa katibu.

Safari ijayo ni Mtende, siku za bamvua, maji yakipwa sana, tukaangalie mwamba ulivyoliwa chini na mawimbi. Njooni na viatu vigumu, na ndimu.