Hakuwa gavana, na picha yake mliikata

Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu marehemu David Onley wa Kanada, mtangazaji wa redio na televisheni aliyeishia kuwa mwakilishi wa Malkia Elizabeth katika jimbo la Ontario. Nashukuru kwamba mlimkumbuka. Ila mlimwita "gavana wa zamani", na msomaji wa huku Pwani akisikia gavana anawaza bajeti ya kaunti, zabuni, na wawakilishi wadi wanaotaka kumng'oa. Onley hakuwa na hata moja kati ya hayo. Alikuwa Luteni Gavana, 2007 hadi 2014. Serikali ya Ontario huendeshwa na waziri mkuu wa jimbo. Luteni Gavana huteuliwa, hapigiwi kura; hutia saini miswada iliyokwisha kupita, hutunuku nishani, na bunge likifunguliwa huketi kwenye kiti cha enzi akasoma hotuba aliyoandikiwa na serikali hiyohiyo. Hata jumba la kuishi hana, maana lile la zamani lilifungwa 1937. Ana vyumba tu ndani ya jengo la bunge, Queen's Park, mjini Toronto.

Mwaka 2012 waziri mkuu Dalton McGuinty, alipotangaza kwamba anang'atuka, alimwomba Onley asitishe vikao vya bunge, naye akakubali. Wapo waliomlaumu, lakini desturi ya cheo chake ni kufuata ushauri wa waziri mkuu.

Basi ukiondoa saini na hotuba za kuandikiwa, kazi inayobaki ni kuonekana. Fungua hiki, hudhuria kile, watu wakuone. Sasa mweke hapo mtu aliyepata polio akiwa na miaka 3, anayetembelea kigari cha umeme.

Mimi natembea kwa magongo tangu utotoni, polio hiyohiyo. Ujanani nilikwenda kujaribiwa sauti kwenye kituo kimoja ambacho sitakitaja. Studio ilikuwa ghorofa ya tatu, lifti mbovu. Nilipanda nikishika reli kwa mkono mmoja, magongo yote mawili nimeyabana kwapani, nikafika shati limelowa. Nikasoma taarifa ya habari. Bwana aliyekuwa akinijaribu akatabasamu: "Kijana, una sauti ya redio kabisa!" Nikamuuliza na upande wa televisheni je? Akaangalia magongo, kisha akaangalia saa. Tangu siku hiyo sifa ya "sauti ya redio" hunikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Onley naye alianza redioni, kwenye vipindi vya sayansi. Lakini 1984 Citytv ya Toronto ilimchukua kutangaza hali ya hewa, baadaye akawa msomaji wa habari, na kigari chake hakikufichwa nyuma ya meza. Mwenyewe alitaka kamera ikionyeshe. Kwa hiyo alipoingia Queen's Park 2007, Luteni Gavana wa kwanza wa Ontario mwenye ulemavu wa mwili, alikuwa ameshazoea kutazamwa kwa zaidi ya miaka 20. Cheo kisicho na mamlaka ya kutoa hata kandarasi ya choo akakigeuza jukwaa la kuwasemea watu wenye ulemavu: milango na ngazi, ndiyo, lakini na ajira pia.

Wala hakuwa mtu wa kusifu tu. Ontario ilipitisha sheria 2005 ikiahidi kwamba kufikia 2025 vizuizi kwa watu wenye ulemavu vitakuwa vimeondolewa jimbo zima. Baada ya kustaafu alipewa kazi ya kuikagua, na ripoti yake ya 2019 haikuuma maneno: ahadi hiyo ilikuwa mbali mno kutimia. Alifariki Januari 2023. Mwaka 2025 ukafika, vizuizi vingi vikiwa palepale.

Sasa ombi langu, na ndilo hasa lililonishikisha kalamu. Picha mliyoichapisha imekatwa kifuani. Tabasamu lipo, tai ipo, kigari hakipo. Huenda ilikuwa shida ya nafasi ukurasani, sitaki kuwadhania vibaya. Kama bado mnayo nzima, tafadhali ichapisheni tena, hata iwe ndogo kama stempu, mradi magurudumu yaonekane.

Msomaji wenu,
Likoni, Mombasa