Gari Linapungua Maji? Tafuta Yanakoenda Kabla ya Kuongeza

Kuanzia Desemba hadi Machi, joto la Dar es Salaam linapokolea, simu nyingi zinazoingia hapa gereji zinafanana. "Fundi, gari linapungua maji kidogo kidogo, ila nikiongeza linakwenda vizuri tu." Anayesema hivyo huwa ameshazoea. Chupa ya maji iko kwenye buti, kila asubuhi anafungua boneti, anajaza, anafunga, anapeleka watoto shule. Siku likichemsha kweli kwenye foleni ya Mwenge, anasema limemshtukiza.

Halijamshtukiza. Lilikuwa linamwambia kila asubuhi. Maji ya rejeta hayatumiki kama petroli, yanazunguka humo humo kati ya injini na rejeta, ndani ya mfumo uliofungwa. Gari lisilo na hitilafu linaweza kukaa miezi bila kopo la akiba (lile la plastiki linalopokea maji ya rejeta yanayozidi) kushuka kiasi cha kuonekana. Likipungua kila wiki, kuna mahali yanatokea, na kazi ya kwanza ya fundi ni kupajua mahali hapo kabla hajabadilisha kitu chochote. Tunalisisitiza hili kwa sababu magari mengi yanatufikia yakiwa na feni mpya na rejeta mpya, na bado yanachemsha. Kila fundi alibahatisha chake, mwenye gari akalipa vyote.

Uchunguzi wa kwanza unaweza kuufanya mwenyewe. Jioni, tandika boksi lililokunjuliwa chini ya injini, kisha asubuhi kabla ya kuwasha litazame. Likiwa limelowa, shika kwa vidole. Kulanti, yaani maji maalumu ya rejeta, inateleza, ina rangi (pinki, nyekundu au kijani) na harufu tamu tamu. Usiionje, ni sumu, na kwa utamu huo huo mbwa na watoto wadogo huvutwa nayo, kwa hiyo dumu lisiachwe wazi uani. Maji ya AC ni kitu kingine kabisa. Hayana rangi wala harufu, na kwa unyevu wa mji huu gari lililowashwa AC linaweza kuacha kidimbwi pale lilipoegeshwa. Hayo yasikunyime usingizi.

Boksi likiwa kavu, usidhani umepona. Yapo maji yanayovuja wakati injini ina moto tu na kukauka kabla hujayaona. Hapo unatafuta alama. Pitisha tochi kwenye maungio ya hosi na mwili wa wota pampu, ile inayosukuma maji yazunguke. Wota pampu ina kitundu kidogo kwa chini, na sili ya ndani ikianza kuchoka, kulanti hutoka hapo na kuacha ukoko wa rangi. Minya hosi ya juu. Ikiwa laini mno, au imevimba karibu na kibano chake, siku zake zinahesabika. Kagua pia zulia la abiria wa mbele. Likiwa na unyevu unaoteleza, na kioo cha mbele kinapata ukungu wa mafuta mafuta, kirejeta kidogo cha hita ndani ya dashibodi kinavuja.

Kifaa kinachosahaulika kuliko vyote ni mfuniko wa rejeta. Juu yake kuna namba, kwenye magari mengi ya Kijapani ni 0.9 au 1.1. Hiyo ndiyo presha mfuniko unayoishikilia kabla ya kuachia. Presha ndiyo inayofanya maji yasichemke kwenye nyuzi 100 bali juu zaidi ya hapo. Mpira wa mfuniko ukikakamaa au springi ikilegea, presha haishiki, maji yanachemka mapema na kumwagikia kwenye kopo la akiba hadi nje. Wanaosafiri kwenda Mbeya wanaumia zaidi, maana pale, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, maji yasiyo na presha huchemka kabla ya kufika nyuzi 95. Mfuniko mpya ni kifaa cha bei ndogo, lakini hakikisha namba yake ni ile ile ya wa zamani. Kuweka wenye presha kubwa "ili usaidie" kunaweza kupasua rejeta.

Swali tutakalokuuliza kabla ya yote ni hili: linachemsha wapi? Likichemsha kwenye foleni na kupoa ukianza kukimbia, mtuhumiwa ni feni, kwa sababu gari likisimama hakuna upepo mwingine unaopita kwenye rejeta. Jipimie: washa gari, washa AC, fungua boneti. Kwenye magari mengi ya sasa feni inapaswa kuanza kuzunguka ndani ya muda mfupi. Weka mikono na khanga mbali, maana feni inaweza kuwaka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa. Kama ni kinyume chake, yaani mjini liko sawa ila ukipanda mlima Kitonga geji ya joto inapanda nalo, basi feni haina kosa. Hapo rejeta imeziba, au wota pampu haisukumi vya kutosha, au maji yenyewe ni pungufu.

Na feni ikiwa haiwaki, tafadhali usikubali iungwe dairekti izunguke muda wote. Tunaziona kila siku. Mota ya feni inachakaa kabla ya wakati, alternata inabeba mzigo usiokwisha, na sensa au rilei (swichi ya umeme ya feni) iliyokufa inabaki imefichwa. Feni nayo ikija kuungua, utajua injini ikishapata moto kupita kiasi.

Jambo jingine tunalogombana nalo ni themostati. Kuna imani imeenea kwamba nchi ya joto haihitaji themostati, kwa hiyo gari likichemsha tu, inang'olewa. Themostati ni mlango. Injini ikiwa ya baridi mlango umefungwa ili injini ipate joto lake haraka, na ikifika nyuzi 82 hivi unaanza kufunguka na kuruhusu maji yaende kwenye rejeta. Ukiing'oa, injini inachelewa kupata moto, kompyuta ya gari inaona bado kuna baridi na kuendelea kumimina petroli, nawe unalalamika gari linakunywa mafuta. Kwenye baadhi ya injini ni mbaya zaidi. Themostati hiyo hiyo ndiyo inayoziba njia ya mkato, kwa hiyo bila yake sehemu ya maji hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na gari unalolitibu kuchemsha linachemsha zaidi.

Sisi themostati tunaipima mbele ya mteja. Tunaining'iniza kwa uzi ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, jiko linawashwa, kipimajoto pembeni. Nzima utaiona inaanza kufunguka kwenye nyuzi 80 hadi 84, na kwenye 95 imeachia milimita 8 au zaidi. Mbovu inakaa kimya, au inafunguka nusu na kugoma. Mteja mmoja, mama wa makamo mwenye Raum, aliitazama ikigoma akasema, "Sasa fundi, hiki kidude ndicho kilichofanya ninunue rejeta?" Tulimjibu, "Ndicho, mama."

Kuhusu maji ya bomba na ya kisima hatutasema mengi. Visima vingi vya mji huu vina chumvi, na chumvi inakula alumini na kuacha magamba ndani ya njia nyembamba za rejeta. Kulanti ina dawa ya kuzuia kutu, na ikichanganywa nusu kwa nusu na maji safi yaliyochujwa madini, inapandisha pia kiwango cha kuchemka. Ile nyekundu ya Toyota hubadilishwa kila miaka miwili au kilomita 40,000. Ya pinki hudumu zaidi. Usizichanganye kwa kufuata rangi tu, soma kopo. Umekwama njiani na huna kingine? Weka maji ya kunywa ya chupa ufike salama, kisha mfumo uoshwe.

Sasa, likichemsha ukiwa na familia ndani. Kumbuka kwanza kwamba magari madogo kama Vitz na Passo mengi hayana geji ya joto. Yana taa ya bluu ya injini baridi na taa nyekundu ya hatari, kwa hiyo nyekundu ikiwaka umeshachelewa na hakuna cha "nifike hapo mbele". Zima AC, washa hita hadi mwisho na fungua vioo (mtatokwa jasho, lakini hita inavuta joto kutoka kwenye injini), egesha mahali salama, zima injini, shusha watoto upande usio wa barabara. Usiguse mfuniko. Maji yaliyo chini ya presha yakifunguliwa yanageuka mvuke papo hapo na kukurukia usoni, na tumeshaona mikono iliyobabuka kwa ajili hiyo. Subiri nusu saa au zaidi, mpaka hosi ya juu uweze kuishika bila kuungua. Wala usimwagie injini maji ya baridi kwa nje, chuma cha moto kikipozwa ghafla kinaweza kupasuka.

Anayelazimisha kuendesha ndiye anayekutana na gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini. Hedi ya alumini ikizidiwa na joto inapinda, gasketi inaachia, na hapo gharama si ya hosi tena. Dalili zake ni moshi mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto, mapovu kwenye rejeta kila ukikanyaga mafuta, au oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa. Ukiona oili ya namna hiyo usiliwashe tena, hata kulisogeza tu. Livutwe.

Gereji yetu inapima kwa hatua mbili kabla ya kugusa spana. Tunafunga pampu ya mkono mahali pa mfuniko, tunajaza presha ile ile iliyoandikwa juu ya mfuniko wako, tunaiacha robo saa. Mshale ukishuka, pana mvujo, na mara nyingi unaonekana kwa macho. Mshale ukishuka na nje pote ni pakavu, tunaleta kimiminika cha bluu kinachowekwa juu ya mdomo wa rejeta injini ikiwa inanguruma. Kikigeuka njano, moshi wa injini unaingia kwenye maji, na gasketi imeshaachia.

Kipimo cha presha kinahitaji injini iliyopoa, kwa hiyo ni afadhali ulilete jioni lilale hapa. Siku hiyo usiongeze maji, tunataka kuona limepungua kiasi gani. Kama kopo la akiba limekauka kabisa, usiliendeshe kuja kwetu, piga simu tukufuate.